Thelathini na Sita Nukta Nane

Kabla korona haijaingia mjini, kazi ya Bi Kibano ilikuwa kushika vichwa vya watu. Usicheke. Asiyewahi kung'olewa gego la chini hajui kwamba daktari akivuta jino, kichwa nacho hutaka kulifuata, na lazima awepo mtu wa kukizuia. Bi Kibano alisimama nyuma ya kiti, akazungusha mkono wa kushoto juu ya paji la uso la mgonjwa, kiganja cha kulia akakiweka chini ya taya, kisha akakivutia kichwa kifuani kwake. Hapo hata kama wewe ni mbeba magunia, ulitulia. Ndivyo alivyopata jina hilo, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Alikuwa na mwili wa kutosha na subira haba. Mwanamume mzima akianza kulia kabla sindano ya ganzi haijamgusa, Bi Kibano alimwinamia sikioni akamwambia, "Baba, hapo nje kuna watoto wanakusikia." Na baba alinyamaza. Daktari mwenye kliniki, bwana mrefu mwenye maneno machache, alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na tisa na hakuwa tena akigeuka kuomba kifaa. Alinyoosha mkono tu nyuma, na koleo alilolitaka likawa kiganjani. Alimwamini kama alivyoamini mkono wake mwenyewe, na neno hilo ulikumbuke, maana ndilo lililoua mtu.

Korona ilipofika, kliniki ikageuzwa juu chini. Mashine ya kutoboa meno hurusha maji, maji yakachanganyika na mate, na mchanganyiko ule ukapaa chumbani kama ukungu. Kwa hiyo ukaja waraka: mashine ifungiwe kabatini, madirisha na milango iwe wazi kutwa, meno ya kuziba na kusafisha yasubiri. Viti viwili kati ya vitatu vikafunikwa mashuka, ukiingia ukadhani kuna maiti mbili zimekaa zinakungoja. Kilichobaki ni dharura peke yake.

Basi kila mtu akawa na dharura. Kuna bwana alikuja kung'arishwa meno kwa sababu, alisema, barakoa haitavaliwa milele. Kuna mama alitaka bandia zake zikazwe kwa kuwa zilimponyoka akimfokea mume. Daktari akaona mlangoni panahitaji mtu asiyesukumika, akamtoa Bi Kibano kwenye vichwa akampa meza, kiti, ndoo ya maji ya sabuni, rundo la fomu, na kipimajoto chenye umbo la bastola.

Fomu ilikuwa na maswali saba. Una homa? Unakohoa? Koo linauma? Unapata shida kumeza? Unapata shida kupumua? Umesafiri? Umekaa na mgonjwa? Ukijibu ndiyo hata mara moja, au bastola ikisoma thelathini na nane, huingii. Unapigiwa simu, linakuja gari, unapelekwa kwenye mahema ya uwanja wa mpira ungoje majibu siku tatu, siku tano, kadiri watakavyopenda wenyewe.

Sasa sikiliza ukatili ulivyo. Jino likioza hadi mzizini, usaha ukashuka chini ya ulimi na kuanza safari ya shingoni, mgonjwa hupata nini? Homa. Koo kuuma. Shida ya kumeza. Mwisho, shida ya kupumua. Aliyeiandika ile fomu hakuwa mtu wa meno. Mlango wa kliniki ukawa unawaingiza wale ambao meno yao yangeweza kungoja mwezi, na kuwarudisha wale ambao yao hayangeweza kungoja hata siku.

Daktari aliliona hilo mapema. Akamwambia, "Bi Kibano, mwenye homa akiwa na uvimbe, usimrudishe hivi hivi. Niite nitoke nimwone, nimwandikie barua ya hospitali kuu." Maneno mazuri. Lakini kutoka maana yake ni kuvua lile vazi la plastiki, na mavazi yalikuwa mawili tu kwa siku. Mara ya kwanza alipoitwa, alitoka. Mara ya tatu alitoka amenuna. Mara ya tano aliuliza, "Kweli huyu naye ni wa kuniitia?" Bi Kibano akaisoma sura ile, na tangu siku hiyo akaacha kuita. Hakumwambia daktari kwamba ameacha, na daktari, kwa vile haitwi, akadhani hakuna wa kumwitia.

Na tusimwonee haya, mlango ule aliupenda. Miaka yote alisimama nyuma ya kiti, mgonjwa akitoka anamshukuru daktari na yeye anapangusa mate. Sasa mabosi wenye magari walimwinamishia paji la uso na kumwita mama. Neno "rudi" likawa tamu mdomoni mwake.

Asubuhi moja akaja mpishi wa shule, mwanamke mwembamba, taya la kulia limevimba mpaka sikio limesogea. Bastola ikasoma thelathini na nane nukta sita. Mdomo wake haukufunguka, maneno yakatoka kwa kubanwa katikati ya meno.

"Jino, mama. Ni jino tu."

"Kila mtu hapa ana jino," Bi Kibano akamjibu. "Wewe una homa. Kaa pale pembeni gari linakuja."

Mpishi akaunyakua mlango wa vyuma akaung'ang'ania. Bi Kibano akalowesha kitambaa kwenye dawa, akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, kama anayechuma mboga. Yule mama alipopakiwa garini, Bi Kibano aliunyunyizia mlango dawa mahali pote alipoushika, na mtu mmoja kwenye foleni akapiga makofi.

Huyo ndiye Bi Kibano. Lakini alikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake moyo wa Bi Kibano ulikuwa laini, naye ni mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki akimwacha mtoto wa miaka minne, na Bi Kibano, ambaye ndiye mkubwa, akamlea. Alimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na hata alipofikisha miaka thelathini na moja, akawa fundi cherehani mwenye mke na binti wa miaka minane, bado alikuwa Kitinda. Kichwa cha kwanza alichokishika kazini kilikuwa chake, akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo Kitinda hakukubali kukaa kwenye kiti cha meno bila dada yake nyuma. Akifika tu huuliza, "Utanishika?" Dada hujibu, "Nitakushika mpaka uombe nikuachie."

Jumapili moja mchana simu ikaita.

"Dada, lile gego limeamka."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa! Na leo ndiyo unanikumbuka?"

"Si nilikuwa na oda ya barakoa za kiwanda kizima. Nikasema nimalize kwanza."

Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeweka kitu cha moto mdomoni na hataki kukitema mbele za watu. Sauti ile Bi Kibano aliijua.

"Una homa?"

"Wifi yako anasema naungua."

Hapo angeweza kusema, njoo hivyo hivyo, nitamwita daktari atoke. Daktari angenuna, lakini angetoka. Ila Bi Kibano alikuwa ameshayaona mahema mara nyingi mno, kwa vile yeye ndiye aliyekuwa akiyajaza. Kitinda wake alale kwenye turubai na watu wanaokohoa, angoje majibu huku gego linamtafuna? Thubutu. Alichotaka kilikuwa kidogo sana: mdogo wake aupite mlango, akae kitini, jino litoke, arudi kwenye cherehani yake.

"Sikiliza nikwambie, na ushike kila neno. Kesho saa kumi na mbili alfajiri meza vidonge viwili vya kushusha homa. Njiani jipanguse uso kwa kitambaa cha maji baridi. Ukifika usisimame juani. Nitakuuliza maswali mbele za watu kama sikujui. Homa huna. Koo haliumi. Unameza vizuri."

"Lakini kumeza kunanisumbua kweli, dada."

"Ndiyo maana nakwambia useme hapana."

Kitinda akauliza, "Utanishika?"

"Siku hizi niko mlangoni. Utashikwa na kiti."

Kitinda akacheka, na kicheko kikamuuma.

Jumatatu akaja, amevaa barakoa ya maua aliyoishona mwenyewe, uvimbe umejificha ndani yake. Alikuwa wa sita. Bi Kibano akamwelekezea bastola kwenye paji la uso.

"Thelathini na sita nukta nane," akasoma kwa sauti ili foleni nzima isikie. Alijisikia fahari. Ilikuwa namba nzuri kuliko ya mtu yeyote asubuhi ile. Akauliza maswali saba, akajibiwa hapana saba, akayaandika kwa mwandiko wake ule wa mviringo ambao daktari aliusoma kwa miaka kumi na tisa bila kuutilia shaka.

Milango ilikuwa wazi kama waraka ulivyotaka, kwa hiyo alisikia kila kitu.

"Fungua mdomo. Zaidi. Sawa." Vidonge vilikuwa vimelegeza maumivu, na taya likafunguka vizuri kuliko lilivyostahili. Ngao ya plastiki usoni mwa daktari ilikuwa imefunikwa na mvuke wa pumzi yake mwenyewe. "Chini ya kidevu panauma nikibonyeza?"

"Kidogo tu, daktari."

"Unameza?"

Bi Kibano aligeuka, akaona macho ya Kitinda juu ya kiti yakimtafuta yeye mlangoni. Akatikisa kichwa kwa namna ya kusema, endelea.

"Vizuri," akasema Kitinda.

Daktari akavua glavu. "Gego limevunjika hadi mzizi. Kulitoa lazima nikate mfupa kwa mashine, na mashine imefungiwa. Ila huna homa na kumeza unameza, kwa hiyo hatuna haraka. Nakupa dawa za siku tano uvimbe upungue, halafu urudi." Kisha akaja hadi karibu na mlango, kwa kuwa alimfahamu Kitinda ni nani kwake, akasema kwa upole, "Usiwe na wasiwasi. Angekuwa na homa nisingethubutu kumrudisha nyumbani. Ningemkimbiza hospitali kuu kwa gari langu mwenyewe."

Haya. Mlango mwingine ulikuwa wazi mbele yake, mpana kuliko ule wa vyuma. Alichotakiwa kusema ni maneno mawili: ana homa. Akafumbua mdomo ndani ya barakoa. Nyuma yake palikuwa na watu kumi na mmoja, na mama wa mmoja wao Bi Kibano alikuwa amemrudisha asubuhi hiyo hiyo kwa nukta moja tu. Akaona sura ya daktari itakavyokuwa, akaona kiti chake cha mlangoni kikiwa na mtu mwingine. Akajiambia dawa zitafanya kazi, kwani dawa kazi yake ni nini?

"Asante, daktari," akasema.

Kitinda alipita karibu na meza yake na karatasi ya dawa mkononi. Walikuwa bado wanajifanya hawajuani. "Asante, mama," akamwambia, akamkonyeza.

Vidonge vya alfajiri viliisha nguvu adhuhuri. Jumanne jioni Bi Kibano alipotoka kazini akapitia kwa Kitinda, akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda ameinama mbele, mate yanamtiririka hadi kwenye magoti. Shingo ilikuwa imejaa, imekuwa ngumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umenyanyuliwa na uvimbe mpaka unagusa meno ya juu. Mkewe alikuwa akimsagia zile dawa kwenye maji, na maji yakarudi kupitia puani.

"Wifi, dawa zinachelewa hivi?" akauliza, maskini, kijiko mkononi.

Bi Kibano alikuwa ameiona shingo ya namna ile mara moja tu tangu aanze kazi, na mwenye shingo hiyo alitolewa kliniki amefunikwa. Wakatafuta gari, wakamkimbiza hospitali kuu. Getini palikuwa na mwanamke mwenye meza, ndoo, na bastola kama yake. Akapima. Thelathini na tisa nukta nne. Akatazama jinsi kifua kinavyohangaika, akaonyesha kidole kushoto, upande wa korona.

"Ni jino!" Bi Kibano akapiga kelele. "Dada yangu, mimi ni mtu wa kazi hiyo, nakwambia hili ni jino!"

"Na huyu wa nyuma yako anasema ni pumu," mwanamke akamwambia, bila hasira wala haraka. "Majibu yakitoka tutajua. Wewe rudi nyuma ya mstari."

Kitinda hakuweza tena kusema. Walipokuja kumchukua kwa kiti cha magurudumu, aliushika mkono wa kulia wa dada yake akauweka chini ya taya lake, mahali pake pa siku zote. Ngozi ilikuwa ikichoma. Bi Kibano akabana. Mhudumu akamwambia aachie, akabana, akaambiwa tena, na hatimaye wakavibandua vidole vyake. Kitinda alikufa Jumatano asubuhi, akingoja majibu. Majibu yenyewe yalikuja kwa ujumbe wa simu siku nane baada ya mazishi: hakuwa na korona.

Mazishi yaliruhusiwa watu kumi, wamesimama mbalimbali kama vigingi. Mjane alipopewa nafasi ya kusema, akamtazama Bi Kibano.

"Nataka kumshukuru wifi yangu mbele yenu nyote. Wenzetu wangapi walifukuzwa mlangoni wakafa bila kuonwa na mtu? Yeye alimpigania ndugu yake, akafika mbele ya daktari. Siku yake tu ilikuwa imefika. Wifi, sina cha kukulipa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Bi Kibano akatazama viatu vyake. Mtu angedhani ni majonzi, na majonzi yalikuwepo, lakini kilichomfunga ulimi ni woga, tena woga mchafu wa kuonekana.

Kazini daktari alimpa siku tatu za mapumziko, akarudi siku ya pili. Daktari alikuwa ameitoa ile fomu kwenye faili. "Nimeipitia mara tatu," akamwambia. "Ilikuwa safi kabisa. Sisi hatukukosea, Bi Kibano. Ugonjwa ulibadilika ghafla. Lala kwa amani." Yaani fomu aliyoipika yeye ndiyo iliyokuja kumfariji.

Hakulala. Alikuwa akiuhesabu upya ule muda wa mlangoni, tangu daktari aliposema "gari langu mwenyewe" mpaka yeye aliposema asante. Kwa kadirio lake ulikuwa muda wa kumeza mate mara mbili.

Wiki chache baadaye akaja yule mpishi wa shule. Bastola ikasoma thelathini na sita na kitu. Mpishi hakungoja maswali, akateremsha kola ya gauni akaonyesha kovu chini ya taya, nene, la rangi ya waridi, limepinda hadi karibu na koo.

"Unanikumbuka?"

Bi Kibano akaitikia kwa kichwa.

"Kule ulikonitupa kulikuwa na tabibu. Aliona homa haishuki, akanifungua mdomo kwa mpini wa kijiko, akapiga kelele nikapelekwa kupasuliwa saa ile ile. Daktari aliyenipasua aliniambia homa ndiyo iliyowashtua. Ningekuwa sina homa wangenipa vidonge, nikafie nyumbani." Akaipandisha kola. "Sikuja kukushukuru, usijidanganye. Nilitaka tu uione shingo."

Akaondoka bila kuingia ndani. Bi Kibano akabaki na kalamu mkononi. Aliyemtupa nje kama takataka alikuwa akitembea barabarani na shingo yake, na yule aliyemwingiza kwa upendo wake wote alikuwa chini ya udongo. Siku ile alikwenda chooni akajifunga ndani, akalia mpaka barakoa ikalowa, akavaa nyingine, akarudi mlangoni.

Mwezi wa tatu baada ya msiba, asubuhi yenye foleni ndefu, wa nne kwenye mstari alikuwa wifi yake na binti. Mtoto alikuwa ameshika shavu la kushoto. Wote wawili walivaa barakoa za maua za marehemu.

"Shikamoo, shangazi," mtoto akasema kwa upande mmoja wa mdomo.

Bi Kibano akampima. Thelathini na sita nukta tano. Akashusha pumzi, akachukua fomu. Wifi akamsogelea, karibu kuliko ilivyoruhusiwa, macho yake juu ya barakoa yakiwa na tabasamu la watu wenye siri yao.

"Nimempa kidonge alfajiri na kingine njiani," akanong'ona, "kama ulivyomfundisha baba yake. Usiku aliungua, wifi, mpaka akawa anaweweseka. Na asubuhi maziwa yamekataa kushuka. Lakini wewe andika hapana."

Kalamu ikasimama. Bi Kibano akatazama shingo ya mtoto. Chini ya taya palikuwa pameanza kujaa.

Akaandika ndiyo.

"Wifi!" Mama akaidaka karatasi. "Umekosea, umeandika ndiyo. Unataka wampeleke mwanangu kwenye mahema?"

"Ana homa."

"Najua ana homa! Lakini haionekani. Si ndivyo ulivyofanya kwa baba yake? Ulimwambia ameze, ulimwambia aseme anameza vizuri, ukaandika mwenyewe. Mwanangu ndiyo umemchoka?"

Hakuwa akishtaki, maskini. Alikuwa akibembeleza. Lakini sauti ilikuwa imepanda, foleni ilikuwa imenyamaza, na daktari, kwa sababu milango ilikuwa wazi, alikuwa amesimama nyuma yao na lile vazi lake la plastiki.

"Nani alimeza nini?" akauliza.

Njia ya kutokea bado ilikuwepo. Angeweza kusema mfiwa amechanganyikiwa, na angeaminiwa, maana yeye aliaminiwa siku zote. Akamtazama mtoto, akamtazama daktari, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ulimi ukafunguka.

"Huyu mtoto ana homa, daktari, imefichwa kwa vidonge. Na Kitinda alikuwa na homa. Alikuwa hawezi kumeza. Ni mimi niliyemwambia ameze vidonge, ni mimi niliyemwambia aseme hapana. Na uliposema ungempeleka kwa gari lako, nilisikia. Nilinyamaza."

Wifi yake hakuelewa mara moja. Uliweza kuona maneno yakimwingia moja baada ya jingine, gari, vidonge, nilisikia.

"Kwa hiyo wangempeleka," akasema polepole. "Siku ile ile. Jumatatu. Angepelekwa."

"Ndiyo, wifi."

"Na mimi nimesimama kaburini nikakushukuru."

Daktari alimtazama Bi Kibano kwa muda, kama mtu anayetazama mkono wake mwenyewe ukiwa umekatwa. Kisha akageukia kilichokuwa na haraka zaidi. "Mtoto aingie," akasema. "Waraka wao wabaki nao." Alimkalisha, akamchungulia, akabonyeza shingo. Lilikuwa gego la utotoni. Halikuhitaji mashine, koleo lingetosha kulitoa ili usaha upate njia, kisha hospitali kuu moja kwa moja, kwa gari lake. Akachoma sindano ya ganzi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kwa mazoea ya miaka yote, na akasema, "Bi Kibano, njoo umshike."

Bi Kibano akainuka.

"Usimguse," akasema mjane.

Hakupaza sauti. Akapita mbele yake, akaingia ndani ambako hakuruhusiwa kuingia mtu asiye mgonjwa, akasimama nyuma ya kiti bila kujua mikono aiweke wapi. Mtoto alianza kujipinda.

"Wa kushoto kwenye paji," Bi Kibano akasema akiwa mlangoni, akionyesha kwa mikono yake hewani. "Wa kulia chini ya taya. Mvutie kifuani. Sasa bana."

Mjane akafanya hivyo hivyo bila kumtazama. Mtoto akapiga ukelele mmoja mrefu, na jino likatoka.

Daktari akaenda kuvua vazi na kuwasha gari. Mtu wa tano akasogea mezani, Bi Kibano akainua bastola, na kabla ya maswali saba akamuuliza lile ambalo halikuwa kwenye fomu, kama amemeza dawa yoyote asubuhi ile. Mama na mtoto wakatoka, mtoto ameuma pamba, machozi hayajakauka. Alipofika kwenye meza aliinua mkono.

"Kwaheri, shangazi," akasema kupitia pamba.

Mama yake akaushusha ule mkono, akauweka ndani ya wake, wakaenda garini.